Vifo vya Wafanyakazi wa Ujenzi: Sheria Inavyoelekeza na Mahali Usimamizi Unapopaswa Kuimarishwa

Sekta ya ujenzi imeendelea kubadili sura ya miji na vijiji vya Tanzania kwa barabara, madaraja, reli, shule, vituo vya afya na majengo ya biashara. Nyuma ya kila mradi wapo mafundi, vibarua, waendesha mitambo na wasimamizi wanaofanya kazi juu ya majukwaa, ndani ya mitaro na kando ya mashine nzito. Baadhi yao hawarejei nyumbani. Vifo hivyo vingi vinaweza kuzuilika, na sheria ya kuvizuia ipo. Suala lililobaki ni namna ya kuhakikisha sheria hiyo inafika mahali kazi inapofanyika, kabla ya ajali na si baada yake.

Makala hii inaeleza namna vifo hivyo vinavyotokea, wajibu uliowekwa na sheria, maeneo ambayo usimamizi unahitaji kuimarishwa, pamoja na haki za mfanyakazi na familia yake pale ajali inapotokea.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwaka 2023 kuwa karibu watu milioni 3 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Kati ya hao, takribani 330,000 hufa kwa ajali. Kwa mujibu wa makadirio hayo, kilimo, ujenzi, misitu, uvuvi na viwanda ndizo sekta hatari zaidi, na kwa pamoja husababisha vifo takribani 200,000 vya ajali kwa mwaka.

Nchini Tanzania, matukio makubwa yameacha kumbukumbu nzito. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Jiji la Dar es Salaam, liliporomoka na kusababisha vifo vya watu 36. Walikuwemo wafanyakazi wa ujenzi na watu waliokuwa karibu na eneo hilo. Desemba 25, 2020, sehemu ya jengo la kihistoria la Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilianguka wakati wa kazi ya ukarabati na watu wawili walipoteza maisha. Novemba 16, 2024, jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 20. Baada ya tukio hilo Serikali iliunda kamati ya wajumbe 19 kukagua majengo ya eneo hilo.

Matukio hayo matatu yanatofautiana. La kwanza lilihusu jengo jipya, la pili ukarabati wa jengo la kale, na la tatu jengo lililokuwa likitumika kwa biashara katikati ya soko. Kwa pamoja yanaonesha kuwa usalama wa ujenzi hauishii kwenye uzio wa mradi. Jengo likianguka, halitofautishi kati ya fundi, mfanyabiashara, mchukuzi na mpita njia.

Hata hivyo, matukio makubwa si picha kamili. Sehemu kubwa ya vifo vya ujenzi hutokea kwa mtu mmoja mmoja: fundi anayeanguka kutoka kwenye jukwaa, kibarua anayefukiwa na udongo wa mtaro, mfanyakazi anayenaswa na umeme akiwa ameshika nondo. Vifo vya namna hii havivuti kamera wala misururu ya waokoaji, na mara nyingi huishia kuelezwa kuwa ni bahati mbaya. Ni katika vifo hivi vya kimyakimya ambako usimamizi wa sheria hupimwa kwa kweli.

Namna vifo vinavyotokea

*Kuanguka kutoka juu.* Hiki ni chanzo kikuu cha vifo vya ujenzi katika nchi nyingi. Mafundi huanguka kutoka kwenye majukwaa yaliyofungwa kwa kamba chakavu au misumari michache, kwenye ngazi zisizofungwa, pembezoni mwa sakafu zisizo na vizuizi, au kupitia matundu ya ngazi na lifti yaliyoachwa wazi. Jukwaa salama huwa na msingi imara, mbao zilizojaa bila mapengo, kizuizi cha mkono pembezoni na njia ya kupandia. Hukaguliwa na mtu mwenye ujuzi kabla ya kutumika, na hukaguliwa tena baada ya mvua kubwa au upepo mkali.

*Kuporomoka kwa mirunda na jamvi.* Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takribani tani 2.4. Jamvi lenye unene wa sentimita 15 na ukubwa wa mita za mraba 100 lina uzito wa takribani tani 36, mbali na uzito wa watu na vifaa vilivyo juu yake. Kabla zege halijakomaa, uzito wote huo hubebwa na mbao na mirunda iliyo chini. Mirunda ikiwa michache, imepinda, imesimamishwa juu ya udongo laini au haikufungwa kwa mihimili ya kukingama, jamvi zima huweza kushuka wakati wa kumwaga. Hatari nyingine ni kuondoa mirunda mapema. Zege hupimwa kwa nguvu inayofikiwa katika siku 28, hivyo haraka ya kuhamishia mbao ghorofa inayofuata huweza kugharimu maisha.

*Kufukiwa na udongo.* Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kuwa na uzito unaozidi tani moja. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani huweza kushindwa kupumua hata kama kichwa chake kiko nje. Mitaro ya mabomba, mashimo ya msingi na ya vyoo huhitaji kingo zilizolazwa au kushikiliwa kwa mbao au chuma. Udongo uliochimbwa na magari huwekwa mbali na ukingo. Hatari huongezeka wakati wa masika na vuli, udongo unapolowa na kupoteza uwezo wa kujishikilia, na pia pale shimo linapochimbwa jirani na msingi wa jengo lililopo.

*Umeme.* Nondo ndefu, mabomba ya chuma na ngazi za chuma hugusa nyaya zinazopita juu. Nyaya za muda zilizounganishwa bila kinga, zikilala kwenye maji au zege bichi, nazo huua. Suluhisho ni kuwasiliana na shirika la umeme mapema kabla ya kujenga jirani na njia ya umeme, na kumpa fundi umeme mwenye sifa kazi ya kuunganisha mfumo wa muda.

*Vitu vinavyoanguka na mitambo.* Tofali moja likidondoka kutoka ghorofa ya tano hutosha kuua. Winchi za kupandishia zege, kreni, malori yanayorudi nyuma na mitambo ya kuchimba husababisha vifo pale njia za watu na za magari zinapochanganyika, au mtambo unapoendeshwa na mtu asiye na mafunzo.

Mbali na ajali, yapo magonjwa yanayoua polepole. Vumbi la silika linalotokana na kukata mawe, vigae na zege huharibu mapafu, na madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati mfanyakazi ameshaondoka kwenye mradi uliomuumiza.

Sheria inavyoelekeza

Kwa Tanzania Bara, msingi wa usimamizi ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa. Sheria ya zamani ilijikita katika viwanda, ilhali sheria ya sasa inagusa mahali pa kazi kwa ujumla, yakiwemo maeneo ya ujenzi. Utekelezaji wake umekabidhiwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001 na ulio chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Sekta ya ujenzi pia ina kanuni zake mahsusi chini ya sheria hiyo. Zanzibar ina sheria yake ya usalama na afya kazini, Sheria Na. 8 ya mwaka 2005.

Chini ya sheria ya Bara, mwajiri anatakiwa kusajili mahali pa kazi, kufanya tathmini ya vihatarishi, kuwapatia wafanyakazi taarifa na mafunzo, kuwapima afya, kuwapa vifaa kinga na kutoa taarifa za ajali. Mwajiri mwenye idadi ya wafanyakazi iliyotajwa na sheria anatakiwa pia kuwa na wawakilishi wa usalama na afya walioteuliwa miongoni mwao. Ada ya kusajili mahali pa kazi iliondolewa katika maboresho ya mazingira ya biashara, hivyo gharama ya usajili si sababu tena ya mradi kubaki nje ya daftari.

Wakaguzi wamepewa mamlaka ya kuingia na kukagua mahali pa kazi, kuhoji, kuchukua vielelezo na kutoa maelekezo ya kurekebisha kasoro ndani ya muda maalumu. Pale panapokuwa na hatari ya wazi kwa maisha, wanaweza kuzuia kazi isiendelee hadi hatari iondolewe. Anayekiuka sheria anaweza kufikishwa mahakamani na, akitiwa hatiani, kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili.

Katika ngazi ya kimataifa, Mkataba wa ILO Na. 167 wa mwaka 1988 unahusu usalama na afya katika ujenzi. Mkataba huo unaeleza wajibu wa mkandarasi mkuu kuratibu usalama pale waajiri wengi wanapofanya kazi eneo moja, unawataka wabunifu wa miradi kuzingatia usalama wa watakaoijenga, unataka vifaa kinga vitolewe bila kumgharimu mfanyakazi, na unamtambua mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari ya karibu kwa maisha yake. Juni 2022, Mkutano Mkuu wa Kazi wa Kimataifa uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika orodha ya kanuni na haki za msingi za kazi. Kwa hatua hiyo, kila nchi mwanachama wa ILO ina wajibu wa kuiheshimu kanuni hiyo kwa sababu ya uanachama wake.

Nani anawajibika katika mradi

Ajali ya ujenzi mara nyingi huanza mbali na mtu aliyeumia, kwa maamuzi yaliyofanywa wiki au miezi kabla.

Mshitiri, yaani mwenye mradi, ndiye anayeamua bajeti, muda na nani apewe kazi. Akimchagua mjenzi kwa kigezo cha bei ya chini pekee, akafupisha muda au akaongeza ghorofa nje ya kibali, ameingiza hatari kwenye mradi kabla ya tofali la kwanza.

Mbunifu na mhandisi huamua umbo na uimara wa jengo. Kazi zao husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Saini na muhuri wa mtaalamu ni ahadi kwamba amefanya hesabu na atafuatilia utekelezaji. Muhuri uliokodishwa kwa mradi ambao mtaalamu hajawahi kuutembelea ni hatari inayosubiri wakati wake.

Mkandarasi ndiye mwajiri na msimamizi wa kila siku. Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) huwasajili makandarasi kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la saba kwa makandarasi wa majengo, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Mkandarasi mkuu hajivui wajibu kwa kugawa kazi kwa wakandarasi wadogo au kwa fundi anayekuja na kundi lake la vibarua.

Mfanyakazi naye ana wajibu wa kufuata maelekezo, kutumia vifaa alivyopewa na kutoa taarifa anapoona hatari. Wajibu huo hauwezi kugeuzwa kuwa kisingizio cha kumtupia lawama yote. Kofia ngumu haizuii jamvi kuporomoka, na mkanda wa usalama hauna maana pasipo mahali imara pa kuufunga. Ndiyo maana utaratibu wa kitaalamu wa kudhibiti vihatarishi huanza kwa kuondoa hatari yenyewe, kisha kubadili njia ya kufanya kazi, kisha kuweka vizuizi, kisha kupanga taratibu, na vifaa kinga huja mwisho.

Mahali usimamizi unapokatika

Kwenye miradi mikubwa ya umma, masharti ya usalama huandikwa katika mkataba, afisa usalama huajiriwa na mkaguzi huijua njia ya kufika. Changamoto kubwa iko kwenye miradi midogo na ya kati: nyumba ya ghorofa moja au mbili, fremu za maduka, hosteli, ukarabati na ubomoaji. Huko mwenye nyumba humkabidhi kazi fundi anayemfahamu. Fundi huchukua vibarua wa siku kutoka kijiweni, na makubaliano yote hufanywa kwa mdomo.

Katika mazingira hayo mnyororo wa usimamizi hukatika sehemu kadhaa. Kwanza, mahali pa kazi hapajasajiliwa, hivyo mkaguzi hajui kama pana kazi. Pili, kibarua hayupo kwenye orodha yoyote ya malipo, kwa hiyo hata jina lake huweza kujulikana kwa wenzake kwa lakabu tu. Tatu, akifa, mwenye mradi hugharamia jeneza na usafiri wa mwili, hutoa rambirambi, na kazi huendelea baada ya siku chache. Hakuna taarifa iliyopelekwa, hakuna uchunguzi, hakuna fidia na hakuna takwimu. Jukwaa lililomuua hubaki limesimama, likimsubiri mwingine.

Sehemu nyingine ya kukatika ni kati ya taasisi zenyewe. Mamlaka ya serikali za mitaa hutoa kibali cha ujenzi. Bodi za kitaaluma huangalia kama wataalamu na makandarasi wamesajiliwa. OSHA huangalia usalama wa wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huangalia michango ya mwajiri, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huangalia kinga dhidi ya moto. Kila taasisi ikiangalia kipande chake pekee, mradi unaweza kuwa halali mbele ya taasisi moja na usiojulikana kabisa mbele ya nyingine.

Sehemu ya tatu ni ufuatiliaji. Amri ya kusimamisha kazi ina nguvu pale tu panapokuwa na mtu wa kurudi kuhakiki kuwa kazi imesimama kweli. Bango jekundu likipakwa ukutani mchana na zege likamwagwa usiku, sheria imedhihakiwa, na wafanyakazi wanaofanya kazi gizani huwa katika hatari kubwa kuliko awali.

Usimamizi imara unavyopaswa kuwa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika usalama wa ujenzi, ufa unaojulikana ni ule ulio kati ya kutolewa kwa kibali na kuanza kwa kazi. Hapo ndipo hatua ndogo huweza kuokoa maisha mengi.

Hatua ya kwanza ni kuunganisha kibali na usajili. Mwombaji wa kibali cha ujenzi anapotaja mkandarasi, mhandisi na tarehe ya kuanza, taarifa hizo zikifika kwa OSHA, WCF na bodi husika kwa wakati mmoja, mkaguzi hatalazimika kuutafuta mradi mtaani. Mpango wa usalama wa mradi, hata wa kurasa chache kwa jengo dogo, ungekuwa sehemu ya nyaraka za kibali.

Hatua ya pili ni kutumia ngazi ya mtaa na kijiji. Mtendaji wa mtaa huona lori la mchanga na kokoto siku ya kwanza. Hahitaji kuwa mhandisi ili kuuliza maswali matatu: kibali kiko wapi, bango la mradi liko wapi, na nani anasimamia usalama wa wafanyakazi? Majibu yakikosekana, taarifa yake kwa halmashauri na kwa ofisi ya kanda ya OSHA ni ukaguzi wa kwanza.

Hatua ya tatu ni kupanga ukaguzi kwa kufuata hatari. Zipo nyakati chache katika maisha ya mradi ambazo hatari hupanda ghafla: kuchimba msingi jirani na jengo lingine, kumwaga jamvi, kuondoa mirunda, kusimika kreni, kupaua na kubomoa. Idadi ya wakaguzi haiwezi kulingana na idadi ya miradi yote, lakini ukaguzi ukilenga nyakati hizo, mkaguzi mmoja hufanya kazi ya wengi.

Hatua ya nne ni kuitengea usalama fedha zake. Majukwaa, vizuizi, vifaa kinga na mafunzo vikiwekwa kama kipengele kinachojitegemea katika jedwali la kazi na gharama, wazabuni hawatashindana kwa kupunguza usalama. Vikifichwa ndani ya gharama za jumla, huwa vya kwanza kukatwa.

Hatua ya tano ni kuchunguza kila kifo na kuweka wazi funzo lake. Uchunguzi unaoishia kwenye jina la aliyekosea hausaidii mradi wa jirani. Unaoeleza mirunda ilikuwa mingapi, zege lilikuwa na siku ngapi na nani aliruhusu kazi iendelee huwapa makandarasi na mafundi wengine nafasi ya kurekebisha kabla hawajapata msiba wao.

Hatua ya sita ni kuwagusa wote wanaowajibika. Adhabu inayomfikia msimamizi wa zamu pekee humwacha mwenye mradi aliyeongeza ghorofa na mtaalamu aliyekodisha muhuri wakiwa salama. Kufutiwa usajili, kushtakiwa na kunyimwa zabuni za umma ni hatua ambazo mamlaka husika zinaweza kuzitumia kwa pamoja.

Haki ya fidia

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha WCF kwa Tanzania Bara, na Mfuko ulianza kupokea michango mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri. Kiwango cha sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara ya wafanyakazi, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi fedha hizo.

Mafao yanayotolewa ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, huduma za utengamao, malipo kwa ajili ya msaidizi wa mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi wa mfanyakazi aliyefariki. Haki hii haitegemei kuthibitisha kuwa mwajiri alizembea. Inatosha kuwa ajali au ugonjwa umetokana na kazi. Mkataba wa ajira unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, na malipo yanaweza kuwa ya siku, ya mwezi au ya kipande cha kazi.

Hapa ndipo tofauti kati ya mradi uliosajiliwa na usiosajiliwa inapoonekana kwa uchungu. Rambirambi ya mwenye nyumba humalizika na matanga. Malipo ya wategemezi husaidia kuwaweka watoto shuleni. Familia isiyojua kuwa ina haki hii hupoteza mara mbili: mtu wake, na kinga ambayo sheria ilishaiweka kwa ajili yake.

Ajali inapotokea

Wananchi, wafanyakazi na waajiri wanakumbushwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Simamisha kazi na kuzuia watu kuingia eneo la hatari. Wengi hufa wakijaribu kumwokoa mwenzao ndani ya mtaro unaoendelea kuporomoka au akiwa bado ameshikwa na umeme. Piga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

2. Usibadili eneo la ajali isipokuwa kwa lengo la kuokoa maisha. Jukwaa lililovunjika, kamba iliyokatika na mirunda iliyoanguka ni ushahidi.

3. Mwajiri atoe taarifa Polisi na OSHA bila kuchelewa. WCF nayo inatakiwa kupewa taarifa ndani ya siku saba tangu mwajiri alipoijua ajali.

4. Andika majina na namba za simu za walioshuhudia, jina la mradi, jina la mkandarasi na la fundi aliyemwajiri marehemu au majeruhi. Kwa kibarua asiye na mkataba wa maandishi, ushahidi wa wenzake, ujumbe wa simu na miamala ya malipo husaidia kuthibitisha kuwa alikuwa kazini.

5. Hifadhi nyaraka za hospitali, cheti cha kifo na vielelezo vya undugu. Madai ya fidia yanatakiwa kuwasilishwa mapema, ndani ya miezi 12 tangu ajali ilipotokea.

6. Pokea rambirambi ukipenda, lakini usisaini karatasi inayosema kuwa familia haina madai yoyote kabla ya kupata ushauri wa ofisi ya WCF, afisa kazi au chama cha wafanyakazi.

Kwa mwananchi anayeanza kujenga, wajibu ni mwepesi kuliko matokeo ya kuukwepa. Apate kibali, atumie wataalamu na mkandarasi waliosajiliwa, asajili mahali pa kazi, na kabla ya siku ya kumwaga jamvi ahakikishe mhandisi amefika na kukagua mirunda kwa macho yake. Kwa mpita njia anayeona jukwaa lililoegama juu ya njia ya watu au shimo lililochimbwa chini ya ukuta wa jirani, taarifa kwa ofisi ya mtaa siku hiyohiyo inaweza kuwa ndiyo iliyosimamisha kazi kabla mtu hajapoteza maisha.